Namba Zilizonyooka Mno

Kaka yangu aliwahi kulikataa gari lake mwenyewe. Sisemi kwa mzaha. Alikuwa mkaguzi wa magari, na siku gari lake lilipofikia zamu ya kukaguliwa alilipanga kwenye foleni kama la mtu mwingine yeyote, akavaa koti lake la kazi, akalizunguka, akashuka kwenye shimo kulitazama tumboni, akavuta breki ya mkono, akatikisa kichwa. Kisha akajiandikia karatasi ya kushindwa, akaigonga muhuri, akaikunja na kuitia mfukoni. Alirudi nyumbani kwa miguu. Mkewe alipomuuliza gari liko wapi, alijibu, "Wamelikataa," kwa uchungu wa mtu aliyeonewa.

Watu walimwita Rudi Kesho, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia wenye magari mabovu. Hakupandisha sauti, hakugombana na mtu. "Taa ya nyuma haiwaki. Rudi kesho." Ukirudi kesho taa inawaka lakini honi imekufa, utarudi keshokutwa. Walimchukia sana enzi zile, na siku ya mazishi yake walikuja wote.

Mimi ni mdogo wake, fundi wa bodi. Gereji wananiita Rula, maana sikati bati wala sichomelei kabla sijapima, na nikishapima napima tena. Mlango wa gari ukitoka mikononi mwangu unafungwa kwa kidole kimoja. Najisifu, najua. Nasema mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia, kwa sababu sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoniumbua.

Gari la kaka lilikuwa la milango minne, taa za mviringo, krimu juu na kijani chini, usukani mwembamba kama ukingo wa sinia. Alilinunua kabla hajaoa. Mwaka alioanza kuugua alilisukuma uani, akalifunika turubai, akasema litapumzika kidogo. Yeye akatutoka, gari likabaki pale pale, tairi zikakaa chini, paka wakazalia kwenye kiti cha nyuma.

Mwaka huu ikaja barua kutoka ofisi ya usajili wa magari. Gari lolote lililolala zaidi ya miaka minane bila kukaguliwa lipite ukaguzi kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, la sivyo namba yake inafutwa kwenye daftari. Baadaye unaweza kulisajili upya ukitaka, lakini litaingia kama mgeni: kibao kingine, kadi nyingine, tarehe ya leo, na jina la mwenyewe wa kwanza halitaonekana popote.

Shemeji, mke wa kaka, aliileta barua hiyo gereji mwenyewe, ndani ya mkoba, ndani ya bahasha, ndani ya bahasha nyingine. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini, dirisha la pili, na mpaka leo hawezi kupitisha karatasi bila kuisoma mbele na nyuma. Hata pakiti ya sabuni anaigeuza aone upande wa pili wameandika nini.

"Shemeji," akaniambia, "mimi sitaki kibao kingine. Wakilipatia gari namba mpya watakuwa wamemfuta mwenyewe."

"Hawamfuti mtu. Litapita na namba yake."

"Usinipe maneno ya gereji. Ninyi mafundi ni kesho, kesho, mwaka unaisha."

"Hili ni la kaka. Litapita, nakuahidi."

Alinitazama juu ya miwani kama anatazama stempu asiyoiamini. "Na lipite kwa haki," akasema. "Unamjua mwenyewe alivyokuwa."

Nilifanya kazi miezi minne, tena peke yangu, kwa sababu sikutaka mkono mwingine uliguse. Nilivua kila kitu mpaka gari likabaki mifupa. Milango niliipiga msasa hadi kwenye bati tupu, nikaitia puti ya kusawazisha kidogo sana, pale tu penye haja. Sheria za magari ya kale si ngumu kama watu wanavyozisingizia. Unaruhusiwa kubadilisha mambo, ilimradi useme. Nilitoa breki za zamani za mbele nikaweka za diski kutoka gari la juzi juzi. Nikaandika barua, nikajibiwa. Nilifunga mikanda ya usalama ambayo gari halikuzaliwa nayo. Nikaandika barua, nikajibiwa. Hata vioo vya pembeni niliviandikia barua. Nilikuwa na faili nene, kila karatasi ina muhuri, na nikilifungua nilijiona mdogo wake Rudi Kesho kweli kweli.

Kitu kimoja tu hakiguswi, nayo ni namba ya chasisi. Hiyo hupigwa kiwandani kwenye chuma chenyewe, na mbele ya sheria hiyo ndiyo gari. Badilisha milango, badilisha viti, badilisha rangi, gari linabaki lile lile kwenye daftari. Ukiikata namba umeliua. Kutu ikiifikia, unaandika ombi, unasubiri siku sitini, mkaguzi anakuja kuona, unakata mbele ya macho yake, kipande kinakwenda ofisini, nawe unapewa kibali cha kuipiga upya. Fundi yeyote analijua hilo. Mimi nilifundishwa na kaka.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa nilipokwangua lami ya zamani ya kuzuia kutu kwenye mhimili wa kulia wa chasisi, karibu na gurudumu la mbele, nikaanza kuugonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima ukikigonga kinalia kengele. Kilicholiwa kinatoa sauti ya boksi. Niligonga nikisogea mbele: kengele, kengele, boksi. Boksi. Nikafika penye namba: boksi. Nikaipita namba kwa shibiri moja ndipo kengele ikarudi. Namba yote ilikuwa imekalia uozo.

Wenzangu wangebandika bati kwa nyuma, wakapaka lami, wakaiacha namba ikae juu ya kutu yake, maisha yakaendelea. Mimi siwezi. Sijawahi kuacha kutu ndani ya gari, nakata mpaka kwenye kengele, ndivyo nilivyo, na nilikuwa na kiburi nalo. Kuandika ombi ni siku sitini, nami nilikuwa na kumi na tisa na ahadi juu. Nikasimama na mashine ya kukatia mkononi, nikajiambia nakata tu, barua nitaiandika kesho. Nilijua najidanganya wakati ule ule nikijiambia.

Cheche ziliruka dakika chache, basi. Kipande chenye namba kikaanguka sakafuni, ukubwa wa kiganja. Sikukitupa, fundi hatupi kitu. Nikakitia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na bolti za zamani, nikaliweka rafu ya juu.

Nikachomelea chuma kipya, nikakisugua mpaka kiungo kikapotea. Kisha nikatoa mihuri yangu ya chuma, ile ya kugonga kwa nyundo, kila mmoja na tarakimu yake. Nilichora mstari kwa rula. Nikazipiga tarakimu kumi na moja, moja moja, nimebana pumzi. Nikapaka maji ya chumvi na tone la asidi ya betri, nikangoja siku mbili, kutu nyepesi ikaota juu yake, ukiitazama utadhani imekaa hapo miaka arobaini. Nitasema ukweli: nilisimama nikaitazama, nikajivunia. Aibu ilikuja baadaye. Siku ile nilijivunia.

Mkaguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Kaka ndiye aliyemfundisha kazi. Shemeji alibaki nyumbani, alisema moyo wake hauwezi kungoja kwenye benchi. Gari lilipoingia uwanjani watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mkaguzi alikiona kibao cha namba kabla hajaniona mimi, akacheka peke yake.

"Gari la mwalimu wangu! Nilijua litarudi tu. Breki za diski hizi, barua iko wapi?"

"Hii hapa."

"Mikanda?"

"Hii hapa."

"Vioo, usiniambie vioo navyo vina barua."

"Hii hapa."

"Ukoo huu jamani," akasema. "Hamna dogo."

Akashuka shimoni na karatasi nyepesi na penseli. Ndivyo wanavyofanya: wanaweka karatasi juu ya namba, wanasugua penseli, namba inajichora yenyewe. Alikaa huko chini muda mrefu kuliko kawaida. Alipopanda hakuwa anacheka tena. Alikwenda mezani kwake, akaitandaza karatasi, akachukua rula akaiweka chini ya namba.

"Fundi, hebu sogea."

Nikasogea.

"Kiwandani hawapigi hivi. Wale wana haraka zao, saba inapanda, tatu inashuka, sifuri inalala. Nimeziona maelfu. Hizi zimejipanga kama zimeitwa gwaride." Akaiondoa rula, akaniangalia. "Imepigwa upya hii. Nani kaipiga?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Naapa neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini niliiona gereji yangu ina karatasi ya ofisi mlangoni, leseni imechukuliwa, gari limebaki pale uwanjani, shemeji ananiuliza vipi tena. Neno lililotoka likawa jingine.

"Marehemu."

"Marehemu nani?"

"Kaka. Palioza zamani, akapatengeneza mwenyewe. Mimi nimelikuta hivyo."

Tazama nilivyochagua. Nilitafuta mtu asiyeweza kujitetea, nikamwangushia yule yule aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti.

Mkaguzi aliketi. "Rudi Kesho?" akasema polepole. "Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka rula chini ya namba."

Nikajishughulisha kupanga barua zangu kwenye faili.

"Ungeniambia ni gereji fulani, ningeifunga leo leo. Ungeniambia ni wewe, ningekasirika, nikakuandikia kosa, yakaisha. Hili sasa sijui nilishike wapi." Akavuta droo. "Mwenye kosa akiwa amefariki, mrithi anasaini tamko, gari linapita, ila inaandikwa kwenye kadi. Mpelekee shemeji yako." Alinipa fomu bila kuniangalia usoni.

Sebuleni kwa shemeji palikuwa na picha ya kaka ukutani, amevaa koti la kazi, kalamu mbili mfukoni, uso wa mtu anayetafuta kasoro kwa mpiga picha. Shemeji alikuwa na mazoea ya kuisalimia. Kila asubuhi kabla ya chai, "Umeamkaje, baba?" na akitoka anaiaga. Wanawe walikuwa wakimcheka, yeye hana habari nao.

Aliisoma fomu amesimama. Akaigeuza, nyuma hapana kitu, akarudi mbele, akaisoma tena ameketi.

"Hapa wanasema mume wangu alighushi namba."

"Ni fomu tu, shemeji. Wewe saini, gari litoke."

"Nimekaa dirishani miaka thelathini. Hakuna kitu kinaitwa fomu tu." Akaishusha magotini. "Ni kweli alifanya?"

Hapo nilipewa nafasi ya pili, na mtu aliyekuwa ananiamini kuliko nilivyostahili. Nikasema, "Ni kweli."

"Lini?"

"Zamani."

"Na wewe ulijua?"

"Nimekuja kuona nilipolifungua."

Akawa anaikunja na kuikunjua ncha ya karatasi. Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo kikinijia naacha ninachofanya. "Kwa hiyo ile siku ya breki ya mkono alikuwa anatuigizia. Alirudi kwa miguu, jua la saa nane, miguu imevimba, nikamkanda kwa maji ya moto. Nimewasimulia watu miaka yote, shemeji. Mpaka dirishani posta nimewasimulia, foleni inangoja."

Akasaini kwa mwandiko wake wa karani, kila herufi imekamilika. Alikuwa amenimiminia chai. Niliondoka bila kuigusa.

Gari likapita siku nne kabla ya mwisho. Kibao kile kile. Kadi ikatoka, na chini kabisa iliandikwa kwa herufi ndogo kwamba namba ya chasisi ilipigwa upya na mmiliki wa awali bila kibali. Ni herufi ndogo kwa watu wengine, si kwa shemeji yangu.

Jumapili ya kwanza nililiosha gari, nikalipangusa mpaka likang'aa, nikaenda kumchukua nimtembeze. Alisema mguu unamsumbua. Jumapili ya pili alisema jua kali. Nje majirani walikuwa wamelizunguka gari, wanajitazama kwenye rangi, wananipa hongera, mmoja akaniambia marehemu angefurahi sana. Nikamjibu ovyo, maskini, hakuwa na kosa. Nyumbani mke wangu alikuwa ameshaanza kuniuliza mbona silali, mbona nikiitwa nashtuka, au nina mwanamke. Nikamwambia sina mwanamke. Akasema basi afadhali ningekuwa naye, angalau angejua la kunigombeza.

Jumapili ya tatu shemeji alinifungulia mlango bila kutoa sababu yoyote. Nikaingia. Ukutani palikuwa na msumari, na chini yake mraba wa rangi ambayo haikupauka kama ukuta mwingine.

"Picha iko wapi?"

"Nimeishusha niipanguse vumbi."

Sikuona kitambaa, wala picha, wala vumbi. Nikauliza habari za mguu, nikajibiwa mguu haujambo, nikaaga.

Jumatano yake nilipeleka gari la mteja ukaguzi. Yule mkaguzi akaniita pembeni.

"Shemeji yako alikuja hapa Ijumaa."

"Kufanya nini?"

"Hakukwambia?" Akaivua miwani, akawa anaifuta ingawa ilikuwa safi. "Alikuja asubuhi, tumekusanyika kupangiwa kazi. Amevaa vizuri, mkoba mkononi. Akaomba dakika mbili. Akasema, 'Nimekuja kumwombea radhi mume wangu. Aliwadai ninyi na watu wengi jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitimiza. Naomba mumsamehe.' Kisha akainama kidogo, mama wa watu, akaenda zake. Nusu ya waliopo hapa hawakumkuta marehemu kazini. Wamemjua hivyo."

Niliacha gari la mteja pale pale, ufunguo ndani. Nilirudi gereji kwa miguu, mbio mbio, nikisema peke yangu kwa sauti mpaka watu wakanipisha njia. Wiki zote hizo nilikuwa nimejituliza kwa neno moja, kwamba aliyekufa haumii. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna aliyebaki, na kwamba angevaa nguo zake nzuri, achukue mkoba wake, aende kuomba msamaha wa kosa langu kwa jina la mumewe. Nilijichukia siku hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Nikashusha kopo. Kipande kilikuwa chini kabisa, chini ya bolti. Nikakipiga brashi ya waya mara mbili tatu. Saba ilikuwa imepanda, tatu imeshuka, sifuri imelala ubavu. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikarudi nilikotoka.

Nilikiweka mezani kwa mkaguzi. Alikitazama bila kukigusa. Akafungua faili, akatoa ile karatasi aliyoisugua penseli, akailaza kando yake.

"Nani?"

"Mimi. Tarehe kumi na moja mwezi wa sita. Kaka hakuwahi kuigusa namba hii."

Aliandika kila kitu, akaniambia nisaini kila ukurasa. Gereji ingefungwa miezi sita, na ningeitwa mbele ya hakimu. Vibao vya gari vingeng'olewa, kwa sababu ukaguzi ule ulikuwa wa uongo na tarehe imeshapita; namba ingefutwa. Nilisikiliza yote kama ninasomewa ya mtu mwingine. Nilikuwa na ombi moja tu, kwamba tamko la shemeji liondolewe.

"Hilo naliondoa kwa mkono wangu," akasema. "Na kesho asubuhi nitawakusanya wale wale niwaambie. Wewe nenda kwa mama. Leo hii, kabla hajasikia kwa mtu." Alikuwa amekasirika, kama alivyosema angekasirika, lakini alikuwa akihema kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Shemeji alikuwa sebuleni anashona kifungo. Nilimwambia nimesimama, yote kwa mkupuo, toka nyundo na kengele na boksi mpaka kopo la maziwa. Nilipoanza kusema kwamba ni kwa sababu nilikuwa nimemwahidi, aliinua sindano, nikaacha.

"Namba inafutwa?"

"Inafutwa."

"Na gereji?"

"Wanaifunga kesho."

Alichoma sindano kwenye kitambaa, akakiweka kando taratibu. "Ile barua niliyokuletea," akasema, "nyuma yake ilikuwa na kifungu. Uliisoma nyuma?"

"Hapana."

"Mwenye ombi ambalo halijajibiwa, tarehe ya mwisho inamngoja. Ungeliandika tu hilo ombi lako siku hiyo hiyo, gari lingekaa linasubiri mpaka waje. Mimi nilikisoma. Ungeniuliza."

Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Miezi minne nimeandika barua za vioo na mikanda, na sikugeuza karatasi moja. Wala sikumwuliza mtu mmoja katika dunia nzima ambaye lazima angekuwa ameigeuza.

"Gari ni gari," akasema. "Lakini mimi wiki tatu sijamsalimia. Naamka, nakunywa chai yangu, natazama ukuta. Siku moja nilimtukana, shemeji. Nilimwita mnafiki, mume wangu, yuko huko nyuma ya kabati ameelekezwa ukutani, hawezi hata kunijibu." Akalia. Mimi nilibana meno, kwa sababu niliona kulia mbele yake kungekuwa kumwomba anibembeleze.

Alipomaliza alijifuta uso, akaingia chumbani, nikasikia kabati likisukumwa. Alirudi na picha, akiipangusa kioo kwa upindo wa nguo yake.

"Msumari umelegea," akasema. "Upige. Si wewe hodari wa kupiga vitu?"

Nikaleta nyundo kutoka jikoni kwake. Nikaupiga. Nikaitundika picha, mkono ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta rula.

"Hiyo rula yako iache huko huko."

Nikautoa mkono mtupu. Picha ilikuwa imeinamia kushoto kidogo. Nikanyoosha kidole niisukume.

"Niachie hivyo hivyo," akasema.

Alisimama mbele yake, akajiweka sawa nguo. Ilikuwa saa kumi jioni. "Umeamkaje, baba?" akasema, na sauti ikamkatika katikati, akairudia mpaka ikatoka nzima. "Nisamehe. Mdogo wako yuko hapa, ana neno la kukwambia." Kisha akarudi kuketi nyuma yangu, mikono juu ya mapaja, kama wakati ule anamngojea mteja dirishani aseme shida yake.

Nikasimama mbele ya kaka. Kalamu mbili mfukoni, na uso ule ule. Nilikuwa nimemwambia mkaguzi, nimemwambia shemeji, nikadhani lililobaki ni jepesi. Nikasema, "Kaka." Nikakohoa. Nikasema tena, "Kaka," na maneno mengine yakakataa kabisa kuja. Nilimtazama, naye akanitazama kama alivyokuwa akilitazama gari bovu, bila hasira, bila haraka. Sijui nilisimama pale muda gani.

Nyuma yangu shemeji akainuka, akaenda kufungua mlango wa nje.

"Umeshindwa leo," akasema. Haikuwa sauti ya kunifukuza, wala haikuwa ya kunisamehe. "Rudi kesho."